Seiko 5 ya mtumba na fundi wake wa Ujiji, maoni yangu baada ya kuivaa miaka

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka zake aondoke mapema. Saa yenyewe, kama chombo cha kukwambia muda, naipa tatu kwa tano. Fundi ninaempelekea kule Ujiji nampa tano kwa tano na angekuwa na benchi la kukalia wateja ningemuongezea ya sita. Alafu hiyo hiyo saa ya maksi tatu siiuzi, nimeshafuatwa na watu wana hela mkononi nikakataa, na hilo ndo linanifanya niandike maana hata mama watoto anasema sijawahi kumueleza likaeleweka.

Saa ninayoongelea ni Seiko 5 otomatiki, ile isiyo na betri, mashine yake inaitwa 7S26. Uso wa bluu umepauka kidogo karibu na dirisha la tarehe, mgongo wa chuma mtupu sio zile zenye kioo nyuma, na cheni yake ni ile ya chuma iliyokunjwa inayong'oa malaika ya mkono ukiivaa kizembe. Niliinunua Kibirizi, bandari ya boti hapa Kigoma, kwa mama mmoja wa vitenge kutoka Kalemie ya Kongo, mzigo wake ulikuwa umeshashuka na hela ya wabeba mizigo haikutosha, akavua saa mkononi akaniuliza we karani utanipa ngapi. Nilikuwa ndo nimeanza kazi ya kuandika mizigo pale, mshahara wa mwanzo mwanzo bado una joto, nikampa elfu themanini na hakubishana sana. Mpaka siku ile nilikuwa navaa Casio ya plastiki na nilikuwa siielewi kabisa habari ya saa za kujijaza, nilichoona ni kwamba inang'aa na ni nzito.

Jioni ndo nikagundua siku zimeandikwa kifaransa. LUN, MAR, MER, JEU. Hizi Seiko 5 ndani zina duara la siku lenye lugha mbili, moja kingereza na nyingine inategemea ilipangwa kuuzwa wapi, kuna za kiarabu, kuna za kispanyola, yangu ilikuwa ya watu wa kifaransa. Ukizungusha kidogo tu mbele inakuja ya kingereza. Sikuizungusha. Vijana wa pale bandarini wakiniuliza leo siku gani nawasomea kama ilivyo, wanacheka, na mmoja sasa hivi anajua siku zote saba bila kwenda darasa lolote.

Haya, utendaji. Watu hawaamini ukiwaambia haina betri na haichajiwi. Ndani kuna kipande cha chuma cha nusu duara, rota, kinazunguka kila ukitembeza mkono, kikizunguka kinakaza springi, springi inajifungua taratibu na kusukuma magurudumu ya meno, na mwisho wa safari kuna kigurudumu kinaitwa balansi kinakwenda na kurudi na ndo kinachogawa muda. Kwenye 7S26 ni midundo 21,600 kila lisaa, yani sita kila sekunde, ndo maana mshale wa sekunde hauruki tap tap kama wa saa ya betri, unateleza. Rota ikizunguka kulia inakaza, ikizunguka kushoto inakaza pia, na hilo wanalifanya kwa kimkono kimoja chenye kucha mbili wanachokiita Magic Lever, Seiko walikianzisha mwaka 1959. Vipande vichache, hakuna mbwembwe, ndo maana saa ya namna hii iliweza kufika mpaka kwenye mkono wa mama wa vitenge na wa karani wake. Jina lenyewe la Seiko 5 lilianza 1963 na hiyo tano ilikuwa ni ahadi tano, kwamba inajijaza yenyewe, siku na tarehe ziko dirisha moja, maji hayaingii kirahisi, ufunguo wa pembeni umejificha pale kwenye namba nne usikuchome, na bodi pamoja na cheni ni vya kudumu. 7S26 ni mtoto wa baadae, 1996.

Sasa mabaya, maana nimesema tatu kwa tano na lazima nijitetee.

Huwezi kuijaza kwa kuzungusha ufunguo. Ufunguo upo, unazunguka, haufanyi kitu chochote zaidi ya kurekebisha mishale na tarehe. Ikilala mezani siku mbili inasimama, akiba yake ni kama masaa arobaini hivi, na ukitaka iamke inabidi uitingishe kama mtu anaechanganya dawa ya kikohozi. Ukiumwa malaria ukalala ndani wikiendi nzima na saa nayo inalala.

Ya pili, mshale wa sekunde hausimami ukivuta ufunguo. Kwahiyo kupanga muda na sekunde zake ni kazi ya subira, kuna ujanja wa kusukuma ufunguo kinyume kidogo kidogo mpaka mshale ugande alafu unaachia redio inapotaja saa, mimi hufanya hivo taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoanza, na wanangu wanajua pale mtu asinisemeshe.

Ya tatu ndo kubwa. Haiko sawa sawa. Kiwandani wenyewe wanaruhusu iwahi mpaka sekunde arobaini kwa siku au ichelewe sekunde ishirini, na hapo bado ni saa nzima kabisa haina ugonjwa. Yangu inawahi kama sekunde kumi na tano, piga hesabu ya mwezi, ni dakika saba na ushee. Casio F-91W, ile ya plastiki ambayo ipo tangu 1989 na unaipata kwa bei ya kuku, inakosea sekunde thelathini kwa MWEZI na betri inakaa kama miaka saba. Yani hakuna ubishi hapo, kwenye kazi ya saa Casio inaipiga Seiko 5 asubuhi mchana na jioni. Na kinachochekesha ni kwamba waliozipiga chini saa za springi dunia nzima ni hao hao Seiko, tarehe 25 Disemba 1969 walitoa Astron, saa ya mkononi ya kwanza ya kuazi kuuzwa dukani, yani betri inatetemesha kijiwe ndani na hicho ndo kinagawa muda, na baada ya hapo mafundi wengi Uswisi walibaki hawana kazi. Alafu wao wenyewe wakaendelea kutengeneza za springi kwa ajili ya watu kama sisi. Wafanyabiashara bana.

Na tarehe. Inahesabu miezi yote kuwa na siku 31, kwahiyo mara tano kwa mwaka inabidi uirekebishe. Na usiiguse tarehe kuanzia saa tatu usiku mpaka alfajiri kabisa, muda huo meno ya tarehe yameshashikana yanajiandaa kugeuza, ukilazimisha unavunja. Hilo mwambie yeyote unaemuazima.

Ila ngoja niseme kitu kuhusu hii habari ya usahihi kwa mtu anaeishi Kigoma, maana nimefanya kazi bandarini na nimeliona kila siku. Ziwa letu lina nchi nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Wale watatu wote upande wa ziwa wako nyuma yetu lisaa limoja. Boti ikitoka Kalemie au Bujumbura, nahodha anasema nafika saa nane, swali la kwanza la karani ni saa nane ya wapi. Na ukiangalia jua, jua liko upande wao! Sisi tumefungwa kwenye muda mmoja na Dar wakati tuko magharibi kabisa, jua linakaa utosini Kigoma saa saba mchana, sio saa sita. Mwezi wa Ramadhani ndo utaelewa, redio inaadhini magharibi ya Dar, wenzetu wanashushia uji na tambi, sisi huku tuna kama dakika arobaini nzima za kuutazama uji kwenye sufuria. Kwahiyo mtu akija kuniambia saa yako inawahi dakika mbili namuuliza inawahi muda wa nani. Yule mama alivyoniuzia mshale ulikuwa bado uko kwenye muda wa Kalemie, na siku ya kwanza nilichelewa kuushtukia, nikadhani ni mbovu.

Sasa tuje kwa fundi, maana huku ndo kwenye utamu.

Kuna kipindi saa ilianza kukimbia. Sio sekunde kumi na tano, inakimbia dakika kumi na zaidi kwa siku, ukiamka tu imeshakupita. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, simtaji wala mtaa wake sitaji, hakuifungua. Aliigeuza mara moja akasema hizi zimepitwa na wakati kijana, natoa mashine yote naweka ya betri, elfu kumi na tano, na ile ya zamani unaniachia. Unaniachia! Mtu anakwambia kitu hakina maana alafu anataka abaki nacho. Nikamshukuru nikaondoka.

Ujiji nilielekezwa na jamaa wa dagaa. Fundi ni mzee, kibanda chake ni meza moja yenye kioo na droo nyingi ndogo ndogo, pembeni ya kibaraza cha duka la vitu vya rejareja, redio ndogo inaongea kwa chini chini. Shikamoo mzee, marahaba, lete mgonjwa. Hakuuliza saa imefanya nini. Aliuliza, "Usiku unailaza wapi?"

Nikamwambia juu ya spika, mzee, pale pembeni ya kitanda.

Akacheka tu akatoa dira, ile ndogo ya kuangalia kaskazini, akaiweka karibu na saa na sindano ikaanza kuyumba kwenda na kurudi kwa kufuata mdundo wa balansi. Akanieleza pale pale kwamba kuna springi nyembamba mno ndani, kama unywele uliozungushwa, kila mzunguko una nafasi yake, ikishikwa na sumaku mizunguko inagandana, springi inakuwa fupi, balansi inacheza haraka, saa inakimbia. Spika zote nyuma zina sumaku. Hata baadhi ya kava za simu zile za kufunga na sumaku, hata mkoba wa mama. Akachukua kikasha cha bluu kimechomekwa kwenye umeme, akabonyeza kitufe, akaipitisha saa juu yake na kuivuta mbali taratibu, akarudisha dira. Sindano ikatulia tuli. Hakunitoza hata mia kwa hilo. Nakumbuka nilisimama pale nikamfikiria yule wa elfu kumi na tano na maneno niliyoyafikiria siyaandiki hapa.

Lakini akaiweka sikioni, akakunja uso. Akasema sumaku imetoka ila mafuta yamekauka, inapumua kwa shida, uniachie nikuoshee. Bei ilikuwa elfu thelathini, na mimi sikuiacha, nilikaa. Nilisimama yani, si nimesema hana benchi.

Nimeshaona watu wanatengeneza simu, wanatengeneza injini za boti, sijawahi kuona mtu anafungua kitu kwa adabu kiasi kile. Kila kipande anachokitoa kwa kibanio anakipanga kwenye sahani nyeupe kwa mpangilio wake alafu anakifunika kwa glasi ya chai iliyogeuzwa juu chini, vumbi lisiingie, safu nzima ya glasi za chai. Vito 21 vilivyoandikwa kwenye uso wa saa akanionyesha viko wapi, ni vijiwe vyekundu vya rubi ya kutengenezwa kiwandani, vidogo kuliko punje ya ulezi, kazi yake ni kubeba ncha za magurudumu zisisagike. Mtu asikudanganye kwamba utaviuza. Anaosha kwa petroli kwenye kibakuli cha bati, anapiga brashi, anakausha kwa kipira cha kupuliza, anadondosha oili kwa ncha ya sindano, tone ambalo mimi nilikuwa silioni mpaka aliponipa ile lenzi ya jichoni.

Alipofika kwenye mfuniko wa nyuma akaugeuza kwenye mwanga akaniita. "Njoo uone wenzangu."

Ndani ya mfuniko kulikuwa na mikwaruzo. Midogo, huwezi kuiona bila lenzi. Kumbe mafundi wa saa wana desturi hiyo, akimaliza kuosha anaandika kwa ncha ya chuma upande wa ndani, herufi zake au alama yake na tarehe, ili atakaefungua kesho ajue nani alipita na lini. Kwenye yangu kulikuwa na herufi mbili na 3/02, na chini yake pembetatu ndogo bila tarehe. Yule wa pembetatu mzee alimsifu, alisema hakukwaruza skrubu hata moja. Yule wa herufi mbili hakumsifu sana, alitumia bisibisi pana, angalia hapa, na hapa. Alikuwa anawaongelea kama watu aliofanya nao kazi meza moja, watu asiowajua, wa Kalemie au Lubumbashi au popote, labda mmoja ameshafariki.

Na hapo hapo tukamaliza ubishi wa umri. Seiko za kipindi kile nyuma zina namba ya tarakimu sita, ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka na ya pili ni mwezi, kwahiyo yangu inayoanza na 84 ni ya mwezi wa nne wa mwaka unaoishia na nane. Mashine ilianza 1996, maana yake 1998 au 2008. Nilikuwa najipa moyo kwamba ni 2008, bado mbichi. Lakini mtu aliiosha mwezi wa tatu 2002, haiwezi kuoshwa haijazaliwa. Ni ya 1998. Mwezi huo imetoka kiwandani mimi nilikuwa nakimbia peku Mwanga.

Mzee akachukua sindano yake, akaandika na yeye. Alama yake siitaji, ukipeleka saa yako utaiona.

Hapa ndo nilipoelewa kwanini siiuzi, na ndo nimejaribu kumwambia mama watoto. Saa ya kwanza ya springi haikai moyoni kwa uzuri, nzuri zaidi zipo na nitazitaja. Inakaa kwa sababu haiwezi kuishi peke yake. Casio ikifa unainunua nyingine, hakuna mtu aliyewahi kuandika jina lake ndani ya Casio. Hii kila miaka kadhaa lazima iingie mikononi mwa mtu, na yule mtu lazima awe anajua, na anaacha alama. Nilinunua kitu kinachong'aa nikakuta nimenunua na foleni ya watu nyuma yake, na mimi niko kwenye hiyo foleni na sikuomba. Mtu wa Kigoma halimpi shida hili, meli yetu ya Liemba ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na kila ikisimama ukipita bandarini utasikia watu wanabishana lini itarudi tena kazini, hakuna anaeuliza kwanini isiuzwe chuma chakavu.

Kuna siku yule mama wa vitenge alirudi, akaiona mkononi mwangu wakati naandika mzigo wake. Nilijua ataomba kuinunua tena na nilishaanza kupanga maneno ya kukataa kwa heshima. Hakuomba. Alinishika mkono akausogeza karibu, akasoma, akauliza, "Siku hukubadilisha?" Nikamwambia sijabadilisha mama. Akasema ile ilikuwa saa yake ya kwanza kununua kwa hela yake mwenyewe, aliyonayo sasa ni ya dhahabu dhahabu ya betri, haina sauti. Alafu akarudi kwenye biashara, akanibishia idadi ya mabelo na alikuwa sahihi, mabelo yalikuwa yamehesabiwa pungufu na vijana wa chini.

Nimesema nzuri zaidi zipo. Baadae nilikuja kununua Seiko 5 Sports ya kizazi kipya, hizi zilizotoka kuanzia 2019 zenye mashine ya 4R36. Kwa haki kabisa ni bora kila kona. Unaijaza kwa ufunguo, mshale wa sekunde unasimama ukivuta, maji inavumilia mita 100, cheni haing'oi malaika. Naivaa harusini na nikienda benki. Kama unanunua ya kwanza sasa hivi na una uwezo, nunua hiyo, usinisikilize mimi na mapenzi yangu. Siku zake ziko kingereza na sijawahi kujisumbua kuangalia lugha ya pili ni ipi.

Kwa wale wa mtumba, chunga haya. Angalia mshale wa sekunde kwanza, ukiruka mara moja kwa sekunde hiyo ni betri hata kama uso umeandikwa automatic kwa herufi za dhahabu, na zipo nyingi sana. Angalia maandishi madogo kabisa chini ya uso, pale chini ya namba sita, yaanze na namba ya mashine ile ile iliyoko mgongoni, uso ukisema 7S26 na mgongo ukisema 7009 basi hapo wameoana saa mbili. Uso unaong'aa kama umetoka dukani jana kwenye bodi iliyochakaa, huo umepakwa rangi upya. Itingishe, iweke sikioni, sikiliza kama mdundo haukwami. Muulize muuzaji mara ya mwisho ilioshwa lini, hatajua, lakini utaona anavyojibu.

Na maji. Yangu imeandikwa kuhimili maji, kwa Seiko 5 za zamani hiyo kwa kawaida ni mita 30 na hizo ni mita za maabara, sio ruhusa ya kupiga mbizi. Raba za ndani zinazeeka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, usilijaribu. Mvua na kunawa haina shida, kuogelea vua mpe mtu.

Kuhusu mzee wa Ujiji: hafungui Ijumaa mchana, anarudi baada ya swala na wakati mwingine harudi. Hana risiti, anaandika jina lako kwenye kipande cha boksi la sigara anakifunga kwenye saa kwa uzi, na sijasikia hata siku moja amechanganya. Cheni na kioo nenda navyo mwenyewe kama vinahitaji kubadilishwa, vipuri vyake ni vya kuokoteza kwenye saa zilizokufa na hakufichi hilo. Kwa kawaida anataka siku tatu, usimharakishe, ukimharakisha anakurudishia saa yako bila kuigusa, nimeshuhudia kwa mtu mwenye suti. Na usimpelekee saa ya ukutani, anasema hizo ni kazi ya mafundi redio.

Maksi zangu ni zile zile, tatu na tano.